Hesabu midomo: michezo ya Kiingereza darasani kwangu Pemba

Assalaam aleikum walimu wenzangu. Juzi mwalimu mmoja kijana, ndo kwanza kaajiriwa, kaniuliza mbona yeye akicheza michezo ya Kiingereza na watoto wanacheka wanaruka lakini Kiingereza chenyewe hakiji. Nkamuuliza mchezo gani. Akanambia anamwita mtoto mmoja ubaoni, anaigiza neno bila kusema, wenzake wanabahatisha. Darasa lina watoto 60. Nkamwambia haya tupige hesabu, kipindi dakika 40, mmoja yuko mbele kanyamaza, wanaojibu ni wale watatu wanne wenye sauti kubwa ambao kila siku ndo haohao, sasa hawa 50 na kitu wanafanya nini? Wanatazama tu.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari na kipimo changu cha mchezo ni kimoja: kwa dakika hii, midomo mingapi inasema Kiingereza? Na mdomo haufunguki bure, lazima pawe na pengo, yani mimi nna kitu nakijua wewe hukijui na unakitaka, usiponiuliza hukipati. Ukimpa mtoto kalamu amuulize mwenzake "What is this?" na kalamu wote wanaiona, ataifanya kwa sababu mwalimu kasema, akitoka nje keshasahau.

Mchezo nnaoupenda kuliko yote tumelelewa nao, ni vitendawili. Nawagawa makundi ya wanne wanne, kwa hiyo darasa la 60 nna makundi 15 na midomo 15 inafanya kazi kwa wakati mmoja. Kuita na kuitikia nawaachia Kiswahili, "Kitendawili!" "Tega!", utamu wake uko hapo, ila kitendawili chenyewe kwa Kiingereza. "My house has no door." Yai hilo kila mtu analijua, la kuanzia. Baadae wanatunga vyao.

Sasa uzuri unakuja wakishindwa. Si mnajua, ukishindwa unaambiwa "Nipe mji". Basi wanampa mji, na mwenye kitendawili hatoi jibu mpaka ausafiri huo mji kwa sentensi tatu za wakati uliopita: "I went to Wete. I met your uncle. I bought two coconuts." Na sheria ni hii, wenzake wakisikia "I go to Wete" wanamnyang'anya mji, anaanza upya. Walimu, mimi zamani nkiandika go-went, buy-bought ubaoni wiki mbili, wanakariri kama wanahitimisha Kurani, ukiwauliza jana ulifanya nini wanakwambia "Yesterday I go". Kwenye mji hawakubali kukosea maana kila mtu anataka aseme kaenda wapi kala nini. Kuna kijana alipewa London, akasema "I went to London. It was cold. I came back." Darasa likaangua kicheko, na hana kosa hata moja!

Wa pili ni imla ya mbio. Naandika kifungu kifupi sana, sentensi tano sita basi, nabandika nje ukutani kwenye baraza. Kila kundi lina mkimbiaji na mwandishi. Mkimbiaji anatoka, anasoma, anaiweka kichwani, anarudi anamwambia mwandishi, kisha wanabadilishana ili asije mmoja akawa anakimbia tu. Msimu wa karafuu naandika mambo ya karafuu, "My uncle climbs the tree early in the morning", maana mtoto aliyeshinda mkarafuuni anaijua picha na kichwa chake kinabaki na kazi ya maneno tu. Mara ya kwanza niliweka ukurasa mzima, ikawa vurugu, wakawa wananakili viganjani. Kifupi, tafadhali.

Halafu kuna "he" na "she". Kiswahili chetu "anakula" hakikwambii ni mume au mke, kwa hiyo usimshangae mtoto akisema "My mother, he is a teacher", si mjinga huyo, lugha yake haijawahi kumuuliza swali hilo. Nawakalisha mgongo kwa mgongo. Mmoja anaeleza watu wa kwao, mwengine anachora anachokisikia, akisikia "he" anachora kofia na ndevu, akisikia "she" anachora mtandio. Wakigeuka bibi kaota ndevu! Kosa analiona kwa macho yake, mimi sijasema kitu.

Kwa matamshi sipotezi muda mwingi kwenye "think" na "this", watoto wetu wamepita chuoni, yani chuo cha Kurani, wanazo thamani na dhahabu tokea wadogo, wengi wanazitoa safi. Kazi iko kwenye irabu, sisi tunazo tano, Kiingereza cha Uingereza ukihesabu na zile za kuunganika kina karibu 20. Nachora mstari katikati ya uwanja, nkisema "ship" ruka kushoto, "sheep" ruka kulia. Baada ya dakika tano mimi natoka, wao wanakuwa wasemaji, na msemaji akitamka vibaya watu wanagongana katikati.

Kwa wanaoanza kabisa kipimo changu cha midomo nakilegeza. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tokea miaka ya 1960 alionesha kuwa mtu anaweza kuanza kwa kusikia amri na kuitenda kwa mwili kabla hajasema neno. Simama, shika mlango, mpe Asha kitabu. Waachie wakae kimya wiki kadhaa, masikio yanafanya kazi. Ila isiwe mwaka mzima.

Kelele, najua. Madarasa yamebanana na mwalimu wa upande wa pili atakuja dirishani. Mimi natoa pointi, kundi likisikika mpaka kundi la tatu linapoteza moja. Wanajifunza kunong'ona kwa Kiingereza, na kunong'ona ni kusema.

Na wakichomekea Kiswahili wakati wa kupangana siwaadhibu. Mimi nkiwa mwanafunzi nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, nkatembea nacho mpaka mchana, na toka siku ile darasa lile sikufungua mdomo tena kwa lugha yoyote. Na sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilileta Kiingereza kwenye hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, kwa hiyo mtoto anaeogopa kusema hakosi somo langu tu, anakosa na la mwenzangu wa sayansi, maana hajui hata aanzeje kuuliza.

Masahihisho nafanya mwisho. Wakati wanacheza nazunguka na kidaftari, nasikia kosa naandika, simkatizi mtu. Zikibaki dakika saba naandika ubaoni sentensi tano nlizozisikia, bila jina la mtu, nne zina kosa na moja iko sawa. Wanatafuta ile iliyo sawa wawili wawili. Mara nyingi wanabishana mpaka kengele inalia, na wanabishania "an" na "a", vitu ambavyo nkivifundisha kwa chaki walikuwa wanasinzia.