Gari Kuukuu Likigonga Uvunguni: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

Hilux yangu ya dizeli ilishatimiza umri wa kupiga kura siku ilipoanza kutoa "ko!" kila nikiachia klachi. Mafundi watatu wa gereji moja waliisikiliza, wakakubaliana kabla ya yeyote kuinama: difu, yaani sanduku la gia la katikati ya ekseli ya nyuma, imekwisha. Difu ikashushwa, ikafunguliwa, na gia zake kuu mbili, krauni na pinioni, zikakutwa nzima. Kilichokuwa kikigonga ni pale ambapo kipande kimoja cha propela (bomba linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu) huingia ndani ya kingine na kuteleza, pamekauka kabisa. Dawa ilikuwa grisi. Ya kushusha difu nililipa vilevile.

Kwa hiyo tuanze na hiyo dhana: "Mlio unatoka nyuma, basi kibovu kiko nyuma." Chuma husafirisha sauti. Propela ni bomba lenye uwazi ndani, likigongwa mbele huitika lote kama ngoma. Badala ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unakuja lini. Mlio ukigonga mara moja tu unapotoka gia ya kwanza kwenda rivasi, au unapokanyaga mafuta na kuachia, kuna kitu kimelegea kwenye njia ya nguvu: krosi za propela (viungo vyake vya umbo la msalaba), meno ya pale panapoteleza, difu, au mauntingi za injini na gia boksi zilizokatika. Ukigonga mfululizo na kwenda kasi kadiri gari linavyokwenda, ni kitu kinachozunguka. Na ukigonga kwenye mashimo tu, hata gia ikiwa huru, achana na propela, kaangalie bushi, linki za stabilaiza, boli jointi na shokapu.

Ukiwa mfululizo, hesabu. Tuseme krauni ina meno 41 na pinioni 10: tairi likizunguka mara moja, propela imezunguka mara 4.1. Tairi lenye mzingo wa mita 2.5, gari likitambaa kwa kilomita 20 kwa saa, huzunguka mara mbili na kidogo kwa sekunde, na propela kama mara tisa. Mlio unaoweza kuufuata kwa kidole juu ya usukani ni wa tairi, hab (kitovu cha gurudumu) au ekseli. Ule unaoungana ukawa mtetemo, anzia kwenye propela. Kipimo hiki hakina gharama, ila abiria wanyamaze.

"Krosi mbovu hupiga kelele, huwezi kuikosa." Wapi! Mara nyingi huanza kwa kulia kama kifaranga gari likiwa polepole, kwa sababu grisi imekauka ndani ya vikombe vyake. Ukichungulia utaona vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe hivyo. Egesha pa tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, zima injini, toa gia, kisha shika pande mbili za krosi na uzinyonge kwa kupishana. Zikicheza kwenye krosi yenyewe, usiisubiri iseme kwa sauti. Propela ikichomoka upande wa mbele gari likiwa kasini, inaweza kuchimba barabara.

Hapo ndipo wengine hukimbilia dhana iliyo kinyume, kwamba grisi ikizidi hakuna ubaya. Kwa krosi, sukuma mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Pale panapoteleza ni kesi nyingine: ukijaza kupita kiasi, grisi haina pa kwenda, propela hushindwa kufupika gari likibonyea, na mzigo huo huangukia beringi. Ukiona propela inaanza kurefuka, acha kusukuma.

Difu nayo husingiziwa sana. Fundi huishika propela kwa mkono, anaizungusha kidogo huku na huku, anakwambia, "Unaona inavyocheza?" Lazima icheze. Kwenye difu ya Toyota ya inchi 8, nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni huwekwa kati ya milimita 0.13 na 0.18, kisha jumlisha nafasi za gia ndogo za ndani na za meno ya ekseli. Mkononi utahisi zaidi ya hapo, na bado difu ikawa nzima. Difu inayokufa kwa kawaida huvuma kwanza. Mwaga oili uangalie nati yenye sumaku: uji laini wa chuma ni wa kawaida, vipande vya meno si vya kawaida. Ukiwa unanunua gari, chunguza kama oili hiyo ina unga wa mbao, maana ni hila ya siku nyingi ya kunyamazisha difu mpaka mnunuzi afike kwake.

Mbele, sivi jointi ya nje (kiungo cha ekseli kilicho karibu na tairi) hulia tak-tak-tak ukikata kona huku umekanyaga mafuta. Watu husema mbovu ni ya upande unaokata. Mara nyingi ni ile ya upande wa pili, inayobeba mzigo, lakini hata hilo si sheria. Tazama mpira wa kuifunika uliochanika na grisi iliyorukia ndani ya rimu. Wenye Land Cruiser za 80 wana ujanja wao: hubadilishana sivi za kushoto na kulia, ili mzigo uhamie kwenye nyuso ambazo hazijalika. Ni kununua muda tu.

Na kama umeingiza 4WD (matairi yote manne yakisukuma) kwenye lami kavu, gari likakaza kwenye kona kisha likajiachia kwa kishindo, hakuna kilichoharibika bado. Matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa kwenye kona, na lami haiyaruhusu kuteleza. Itoe.

Haya yote, baada ya kukaza nati za tairi. Tairi lililolegea hugonga polepole vilevile kama hab mbovu, na hilo halingojei fundi.