Mlo wa jioni wa nusu saa huanzia buchani

Nafundisha upishi wa nyumbani jijini Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mtu anayefika nyumbani saa moja usiku akiwa amechoka, watoto wana njaa, naye angependa kupika chakula cha maana badala ya kutuma mtu akanunue chipsi mayai. Wengi huamini kwamba wanahitaji moto mkali zaidi. Mimi huwaambia kwamba muda wa kupika huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla jiko halijawashwa, yaani unapochagua nyama na unaposhika kisu.

Naanza na nyama ya ng'ombe, kwa sababu huko ndiko muda mwingi unakopotea. Nyama ya mguu, shingo na kidari hutoka kwenye misuli iliyofanya kazi nzito, nayo imejaa kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikanisha nyuzi za nyama, ambayo hulainika tu ikichemshwa taratibu kwa saa moja na nusu au zaidi. Ni nyama tamu mno kwa supu ya Jumapili, lakini jioni ya kazi haina nafasi. Mwombe muuza nyama akukatie salala, ile nyama laini ya mgongoni, au steki isiyo na mishipa. Nusu kilo inawatosha watu wanne ikichanganywa na mboga. Bei yake iko juu kuliko ya mchanganyiko, ila hulipii mifupa wala huchomi gesi saa nzima.

Ukifika nyumbani, itazame nyama hiyo kabla ya kuikata. Utaona mistari inayoelekea upande mmoja kama nyuzi za kamba ya katani. Kisu kiivuke mistari hiyo, kisiifuate, na vipande viwe vyembamba kama nusu sentimita, kwa maana nyuzi zikiwa fupi meno hayahangaiki nazo. Ukiona bado ina ugumu, ipake kijiko kimoja cha papai bichi lililokwaruzwa, kama wafanyavyo wachoma mishkaki. Kimeng'enya cha papaini kilichomo huvunja protini, hivyo dakika 20 zinatosha, na ukiiacha sana nyama hulegea ikapoteza umbo.

Kosa ninaloliona karibu kila darasa ni kumimina nyama yote kwenye kikaango kwa mkupuo mmoja. Kikaango hupoa, nyama hutoa maji, na badala ya kukaangika hujichemsha katika maji yake hadi ikakakamaa. Igawe mafungu mawili, mafuta yawe yamepata moto sawasawa, na kila fungu likae dakika 2 au 3 tu mpaka lishike rangi ya kahawia, kisha ulitoe pembeni. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, utie nyanya na uzipike bila haraka mpaka mafuta yaanze kujitenga, ndipo ziingie karoti na pilipili hoho. Nyama hurudi mwishoni kabisa, kwa dakika moja.

Samaki ana tabia nyingine. Kolajeni yake ni kidogo na hulegea kwa joto dogo, kwa hiyo kumpika muda mrefu hakumlainishi bali humkausha na kumvunja. Ndiyo sababu katika mchuzi wa vibua ninaivisha kwanza rojo, si samaki: kitunguu, nyanya, bizari, tui jepesi na maji ya ukwaju huchemka mpaka yawe mazito, kisha nawalaza vibua waliopaliwa magamba na kuchanjwa, na baada ya dakika 8 hivi wameiva. Mwiko hauingii tena humo. Nashika sufuria kwa pande zote mbili na kuitikisa. Tui zito namalizia nalo kwa moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, huku nikichota mchuzi kwa upawa na kuurudishia juu ya samaki, maana tui likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika.

Nawasihi wanaonunua vibua jioni wawe waangalifu. Kibua, kama jodari, akikaa kwenye joto bila barafu hujenga histamini, ambayo inaweza kumdhuru mlaji na haiondoki kwa kupikwa, hata umkaange mpaka awe mkavu. Funua mashavu yake uone kama matamvua bado ni mekundu, umbonyeze mgongoni, na kama mfereji wa kidole unabaki, muache hapohapo mezani.

Mboga za majani ndizo nyepesi kuliko vyote, nazo ndizo tunazoziumiza zaidi. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu vitamini C huyeyuka majini, kisha uingie kwenye kitunguu kilichokwisha kulainika, bila maji ya ziada, kwa dakika 4. Uupike wakati ugali unasongwa, si kabla. Kisamvu hakimo katika hesabu hii: kina sumu ya asili ya sayanidi inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, na hakuna njia ya mkato. Changu nakitwanga na kukichemsha Jumamosi, nakigandisha katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja, na jioni ya Jumatano kinabaki kutiwa nazi tu.