Mikunjo ya ubongo wa mtoto hutokeaje tumboni?

Mimba ikiwa na wiki 20, ubongo wa mtoto bado ni laini kama haragwe lililomenywa, yaani hauna mikunjo. Mama akiambiwa hivyo baada ya ultrasaundi asifadhaike. Wakati huo huonekana bonde la Sylvius, yaani ufa mkubwa ulio ubavuni mwa ubongo, na mifereji mingine michache tu. Mikunjo mingi hujitokeza miezi mitatu ya mwisho.

Wengi hudhani ubongo hujikunja kwa kubanwa na fuvu. Sivyo. Mifupa ya fuvu la mtoto tumboni haijaungana, kwa hiyo hutanuka kadiri ubongo unavyokua. Kani yenyewe inatoka ndani. Tabaka la juu la kijivu, ambalo kwa mtu mzima lina unene wa milimita 2 hadi 4, hutanuka haraka kuliko sehemu iliyo chini yake. Matabaka hayo yameshikamana, hivyo la juu halina pa kutelezea. Linajibana lenyewe, na mbano ukizidi linazama.

Ukisukuma utando wa maziwa yaliyochemshwa kwa kijiko, unajikunja kama mawimbi kwa sababu chini yake ni kimiminika. Kwenye ubongo, tabaka la chini hubonyea karibu sawasawa na la juu. Ndiyo maana matuta yake yametuna kwa mviringo, na katikati yake pana nyufa nyembamba zenye kina.

Mwaka 2016 watafiti, akiwemo L. Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliunda ubongo wa jeli kwa kufuata picha ya MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili) ya ubongo laini wa mtoto aliye tumboni. Waliupaka tabaka jembamba, wakautumbukiza katika kiyeyushi. Tabaka hilo lilifyonza kiyeyushi na kuvimba, na kwa dakika chache tu mikunjo mikuu ikafuata mielekeo inayofanana na ya ubongo halisi. Jeli haina jeni wala neva!

Hata hivyo jeni zina kazi kubwa, kwa kuwa ndizo zinazoongoza unene wa tabaka, na upana wa mkunjo hufuata unene huo. Seli za neva zisipomaliza safari yake kutoka katikati ya ubongo kwenda juu, tabaka huweza kuzidi milimita 10, na ubongo ukabaki karibu laini. Kinyume chake ni vikunjo vidogo vingi vilivyosongamana. Chanzo kimojawapo ni virusi vya sitomegalo mama anavyoambukizwa akiwa mjamzito. Virusi hivyo hupatikana katika mate na mkojo wa watoto wadogo. Mjamzito anawe mikono kwa sabuni kila abadilishapo nepi, na asile kwa kijiko kimoja na mtoto.

Shaka ikitokea kwenye kipimo cha wiki 20, kurudia kati ya wiki 28 na 32 huonyesha mengi zaidi. Kwanza lakini hakikisheni umri wa mimba. Tarehe ya hedhi ikikosewa kwa wiki tatu, ubongo usio na kasoro yoyote utaonekana umechelewa kujikunja. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayokadiria umri huo vizuri zaidi.