Je, wajua? Mnunuzi akibaki mmoja, bei ya samaki kwa mlaji haishuki

Wengi huamini ukiritimba, yaani soko kushikwa na mmoja, ni tatizo la upande wa muuzaji tu. Mnunuzi mkubwa anayembana mvuvi, eti, anatusaidia walaji: akinunua rahisi, atauza rahisi. Hoja tamu, ila inasahau kiasi kinachonunuliwa.

Kwenye mnada wa samaki wa Feri, Kivukoni, Dar es Salaam, wanunuzi hupandishiana bei mbele ya dalali. Tuseme, kwa hesabu tu, wote wameondoka kabaki mmoja. Ananunua ndoo 10 kwa sh 20,000 kila moja, jumla 200,000. Ili mvuvi mwingine aone inalipa kuwasha mashine na kuleta ndoo ya 11, bei lazima ifike 21,000. Lakini Feri hakuna siri: akimpa huyo 21,000, wengine nao wataidai hiyo hiyo. Jumla inakuwa 231,000. Ndoo moja ya ziada imemgharimu 31,000, ingawa aliyeileta katia mfukoni 21,000! Kama mjini ingeuzwa 28,000, bora aiache. Mvuvi alikuwa tayari, mlaji alikuwa tayari, na samaki kabaki baharini (yeye hana malalamiko). Wanunuzi wangekuwa wengi, mmojawapo angeichukua na kubaki na faida yake ya 7,000.

Samaki wachache wanaofika mjini wanagombewa na mama lishe wale wale, kwa hiyo bei haina sababu ya kushuka.

Hata hivyo, mzigo ukishatua, siku hiyo kinachohama ni pesa tu, kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mnunuzi. Upungufu huja baadaye, boti zikianza kulazwa. Na mnunuzi mkubwa akikutana na muuzaji mkubwa mwenzake, huenda mlaji akapata nafuu kweli.

Sheria zimeliona hili zamani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wakulima wa viazisukari wa California dhidi ya viwanda vilivyopatana bei ya kununulia. Mazao yale ni mazito na huharibika, hayasafirishwi mbali, hivyo mkulima hakuwa na pa kukimbilia. Mahakama ikasema sheria ya ushindani haimlindi mlaji peke yake. Muuzaji naye yumo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na pia kula njama kwenye zabuni. Kununua rahisi peke yake si kosa.