Je, wajua kwa nini ngiri ya kitovu ya mtoto hupona hata asipopewa dawa?

Mtoto mchanga akilia, kitovu kinachomoza kama ncha ya kidole gumba, akinyamaza, kinarudi. Mama anashauriwa ampe vidonge vitamu vya homeopathi, yaani tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno. Anampa kwa miezi, na mtoto anapotimiza miaka miwili kitovu kimelala. Je, vidonge ndivyo vilivyomponya? Nilipoulizwa hivyo mara ya kwanza nilijibu ndiyo bila kusita. Nilikosea, tena mara mbili.

Kwanza, nilidhani ngiri ikishatokea haiondoki yenyewe. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, ukuta wa tumbo lake huwa na tundu la duara linalopitisha mishipa ya kitovu. Akishazaliwa na kitovu kukatika, tundu hilo halina kazi tena, ila halifungi siku hiyohiyo. Lifikirie kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba, na kamba yenyewe inavutwa polepole mno, kwa miezi na hata miaka. Mdomo ukiwa bado wazi, mtoto akilia au akijikamua, shinikizo la ndani husukuma utumbo au mafuta kidogo yakachungulia nje. Wengi husema kilio ndicho kilicholeta ngiri. Sivyo: kilio hakitoboi tundu, kinalionyesha tu. Kwa watoto walio wengi kamba hukazika kabla ya umri wa miaka 4 au 5, na tundu dogo huwahi kuliko pana.

Ndiyo maana sarafu iliyobandikwa kwa plasta, mafuta ya kuchua na vidonge vya homeopathi vyote vina mashahidi wa kweli. Mashahidi hao hawadanganyi; kitovu kimelala kweli. Lakini jogoo awike, asiwike, kutakucha.

Homeopathi yenyewe ni kazi ya daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1796: kinacholeta dalili kwa mtu mzima wa afya, kwa kiasi kidogo mno huponya dalili kama hizo kwa mgonjwa. Kwa ngiri za watoto, dawa zinazotajwa kimapokeo ni Nux vomica, itokanayo na mbegu zenye sumu ya striknini. Calcarea carbonica, ya gamba la chaza. Na Lycopodium, unga laini wa mmea mdogo wa msituni usiotoa maua, hasa ngiri ikiwa upande wa kulia. Sehemu 1 ya dutu huzimuliwa kwa sehemu 99 za maji au kileo, kisha tena na tena. Ikifika mara 12 ni bahati kubaki na molekuli moja, na dawa nyingi huzimuliwa mara 30. Zile zilizozimuliwa kidogo ni suala jingine, kwani huenda zikawa na sumu halisi. Mwaka 2015, baraza la taifa la utafiti wa afya na tiba la Australia lilipitia tafiti za magonjwa mengi, lisipate hata moja ambalo homeopathi ina ushahidi wa kuaminika kwamba inalitibu.

Kosa langu la pili lilikuwa zito zaidi: niliamini ngiri ni ngiri. Ya kinena ina asili tofauti kabisa. Kwa mtoto wa kiume, kokwa huanzia ndani ya tumbo na kushuka hadi kwenye pumbu, na utando wa tumbo huifuata mithili ya kidole cha glavu. Kidole hicho hutakiwa kuziba. Kisipoziba, utumbo hupata njia ya kushukia. Kokwa ya kulia kwa kawaida hukawia kushuka, na ndiyo maana ngiri za kinena huonekana zaidi kulia, upande uleule unaopewa Lycopodium. Wasichana nao huipata, ingawa mara chache, na watoto njiti huipata zaidi.

Njia hiyo ya utando inaweza kuziba yenyewe baada ya kuzaliwa, lakini utumbo ukishaanza kushuka, madaktari hawasubiri. Hupanga upasuaji mapema, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa ya utumbo kunaswa. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, ukabadilika rangi, au mtoto akaanza kutapika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, uwe wa kinena au wa kitovu.