Kwa nini mashine ya kuchonga saketi inaigusagusa bodi kwanza kabla ya kukata?

Ukimwangalia mtu anachonga bodi ya saketi nyumbani na kimashine cha CNC, yaani kinachoongozwa na kompyuta, zile za modeli ya 3018 za bei poa, mwanzoni utaona kioja: ncha inashuka taratibu, inagusa shaba iliyofunika bodi, inapanda, inasogea kidogo, inagusa tena, hivyohivyo bodi nzima, na muda wote huo hakuna kilichokatwa.

Wengi wanadhani inatafuta pa kuanzia. Wengine watakwambia ni vile mashine ni ya bei chee, mota haziaminiki, basi inajihakikishia. Zote mbili sio. Pa kuanzia ilishaonyeshwa, na mota zake zinasogea vipande vidogo sana vya milimita bila tabu. Mwenye kosa ni bodi, haijanyooka. Ukiilaza mezani utaapa iko sawa kabisa, kumbe kona moja imeinuka robo milimita, na robo milimita hapa ni balaa maana shaba yenyewe kwa bodi ya kawaida ina unene wa milimita 0.035 tu. Ncha ikipita juu kidogo haijakata kitu.

Sasa si uizamishe zaidi yaishe? Hapo ndipo utamu ulipo. Biti, yaani kile kisu chenye ncha kinachokata, ina umbo la V, na chukua karoti uichomeke kwenye ugali: ncha ikiingia kidogo tundu ni dogo, ukizidi kusukuma tundu linapanuka tu. Biti ya pembe ya nyuzi 60 yenye ncha ya milimita 0.1, ikizama 0.05 inaacha mfereji wa kama 0.16, ikizama 0.25 mfereji unafika karibu 0.39. Na kumbuka mashine haiondoi shaba yote, inachora tu mfereji kuzunguka kila njia ya umeme, kwa hiyo mfereji ukinenepa unaila njia kutoka pande zote mbili. Njia uliyoichora 0.3 ukitegemea mfereji wa 0.16 inabaki 0.07, yaani uzi.

Ndo maana ya kule kugusagusa. Waya mmoja unabanwa kwenye biti, mwingine kwenye shaba, vikigusana umeme unapita na mashine inaandika kimo cha pale, bodi imejigeuza swichi yake yenyewe. Halafu programu kama bCNC inakunja njia nzima ya biti ifuate mabonde na vilima hivyo. Ila kati ya nukta na nukta inakisia, na kama bodi haikubanwa vizuri katikati itabonyea biti ikianza kukata, vipimo vyote bure.

Na wanaosema kuchonga ni safi kuliko feriki kloraidi, dawa ya kuyeyusha shaba isiyotakiwa, ni kweli nusu. Ile dawa inatia madoa kila kitu na inakula sinki la chuma, sawa, lakini bodi za FR4 zina nyuzi za kioo ndani na vumbi lake si la kuvuta, vaa barakoa. Fab Lab, zile karakana za watu kujitengenezea vitu, hupenda bodi za FR1, ya karatasi na resini, vumbi lake lina nafuu na biti hazichakai haraka. Viwandani bado wanatumia kemikali, maana dawa inakula shaba ya bodi nzima kwa mpigo wakati biti inatambaa njia moja moja.