Hili ni la nani? Swali la kuuliza kabla ya kutaja chama

Naendesha midahalo ya wananchi hapa Dodoma, na kampeni zikianza simu yangu haipoi. Wengi wanaonialika hudhani kazi yangu ni kutuliza hasira. Hasira mimi hainisumbui. Mtu ambaye bomba lake halijatoa maji wiki nzima ana haki ya kukasirika. Kinachonisumbua ni kwamba anamkasirikia jirani yake mwenye kofia ya chama kingine, na jirani naye anajitetea kwa nguvu zote juu ya jambo ambalo hata mgombea wake hana mamlaka nalo.

Kwa hiyo nikishasema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na watu wakaitikia, swali langu la kwanza halihusu sera wala ilani. Nauliza: hili ni la nani?

Tuchukue barabara ya mtaa, maana hiyo haikosekani. Mvua za Januari zikipita, barabara imegeuka korongo. Kijana wa bodaboda anasema diwani amekula hela. Mzee wa upande wa pili anamwambia diwani ni mchapakazi, wewe kijana umejazwa maneno. Wote wawili wamegonga mlango usio wenyewe. Tangu mwaka 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, na sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, yaani tozo ya mafuta anayoilipa kijana huyohuyo kila anapojaza tanki. Barabara kuu ni za TANROADS. Diwani hashiki fedha hizo. Analoweza ni kupeleka kipaumbele cha kata yake kwenye baraza la madiwani, na kumbana meneja wa TARURA anapokuja kutoa taarifa. Basi swali linabadilika: je, alikipeleka? Alisema nini kikaoni? Muhtasari wa kikao huandikwa, na unaweza kuulizwa ofisini. Kuanzia hapo mzee na kijana wabishane hadi jua lizame, mimi sina neno, kwa sababu sasa wanabishania kitu kinachoweza kuthibitishwa.

Maji ni vilevile. Mjini ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, inayotegemea sana visima vya Mzakwe, na bei ya uniti haipandi wala haishuki bila EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuidhinisha. Ukitoka mjini ukaenda vijijini Bahi au Chemba unakutana na RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Mgombea udiwani anayeahidi kushusha bili ya maji anaahidi asichokuwa nacho, avae kijani, avae nyekundu, avae rangi yoyote.

Mikopo ya asilimia 10 nayo huwa naipa muda mrefu, kwa sababu watu wengi huamini ni zawadi ya mbunge. Hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha ya halmashauri, iko kisheria, na mama lishe wa Majengo hahitaji kumshukuru mtu jukwaani ili apate fomu. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake anaiongoza yeye; hapo ndipo pa kumuuliza fedha zimekwenda wapi. Kazi zake nyingine ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia Serikali. Anayesema "nitawajengea hospitali" aulizwe kwa upole: kwa fungu gani, mheshimiwa? Swali hilo linawatoa jasho wagombea wa vyama vyote, na ndiyo maana nalipenda.

Dodoma pia ina jambo lake. Huu ni mji wa watumishi. Ukiwaalika watu Kisasa au Ilazo, karibu nusu ya ukumbi watakaa kimya, wakitazama simu. Si kwamba hawana la kusema. Miiko ya utumishi haiwaruhusu kuonyesha mapenzi ya chama wakiwa kazini, na wengi huona salama zaidi kunyamaza hata jioni wakiwa nyumbani. Ukiwauliza wako upande gani, umewapoteza. Ukiwauliza bajeti ya halmashauri hupita hatua zipi, au ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili hufuata nini, utawanyamazisha kwa shida. Katika mijadala niliyowahi kuongoza, maelezo yenye manufaa zaidi hutoka kwa watu ambao sikuwahi kujua wanapigia chama gani, na sikutaka kujua.

Masharti yangu ya lugha ni machache. "Chawa", kejeli kwa wanaojipendekeza kwa wakubwa, na "nyumbu", kejeli kwa wafuasi wa upinzani, havitajwi. Dini ya mtu na mama yake haviguswi. Utani naukaribisha: Mgogo na Mhehe wakianza kuchokozana, ukumbi unalegea, na mtu aliyecheka na mpinzani wake huchelewa kumtukana. Ila utani una mipaka, na mwezeshaji asiyeijua atauona mkutano unamponyoka kabla soda hazijafika. Sharti jingine ni kwamba kabla hujajibu hoja, uirudie hadi mwenyewe aseme ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Vijana huliona la kitoto mpaka wakijaribu. Wengi hukuta walikuwa wanajibu hoja ambayo hakuna aliyeitoa.

Wapo wanaoniambia wengi wape, wachache watafuata. Hao nawakumbusha Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuuliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kila anayevaa sare ya chama chochote leo anaishi ndani ya uamuzi uliowasikiliza wachache.

Sasa lile gumu. Tangu 29 Oktoba 2025 naulizwa, tena na watu ninaowaheshimu, heshima gani hiyo mnayoihubiri. Siku hiyo ya uchaguzi mkuu chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, intaneti ilizimwa, watu walipoteza maisha. Na hapa Dodoma kumbukumbu inakwenda nyuma zaidi: 7 Septemba 2017, Lissu huyohuyo, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi Area D mchana kweupe. Kumwambia mtu mwenye hofu "jadili kwa adabu" bila kuitaja hofu yake ni kumdharau. Maikrofoni na viti vya plastiki havitibu hayo.

Lakini hata hapo nauliza swali lilelile. Wajumbe wa Tume ya Uchaguzi huteuliwa na nani? Ni Rais, kwa Ibara ya 74 ya Katiba, na sheria ya mwaka 2024 imeongeza kamati ya usaili. Matokeo ya urais yakishatangazwa, nani anaweza kuyahoji? Ibara ya 41(7) inasema hakuna mahakama. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Nimewasikia wana-CCM na wana-CHADEMA wakiisoma kutoka nakala moja ya Katiba. Mmoja akasema inaepusha nchi kukaa bila rais kwa kesi zisizokwisha. Mwingine akasema inamfungia mlango aliyeonewa. Hawakukubaliana, wala sikuwa nimewaita wakubaliane. Maoni yangu ninayo, ila nikishika maikrofoni hubaki mfukoni.

Maswali yanayokosa jibu ukumbini huandikwa kwenye karatasi kubwa, na kila moja hupewa watu wawili waliolibishania, wa vyama tofauti. La bili linakwenda DUWASA, la mtaro linakwenda TARURA, la mkopo linakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii. Wanakwenda pamoja, nauli wanachangiana, na jibu linabandikwa ofisi ya mtaa likiwa na majina ya wote wawili.